Fundi wa Nyumba ya Kumi

Ukitaka kujua mzimu wa mtaa ule wa Singida ulitoka wapi, usiulize nani alizikwa wapi. Uliza mlenda ulikuwa unaanikwa wapi. Watu watakusimulia habari za fundi aliyekufa, nyundo yake, kofia yake na kikohozi chake, na wataapa mpaka mate yakauke. Waache waape. Mwanzo wa yote ni mlenda, na mwenye mlenda ni Theodora.

Theodora alikuwa Mnyaturu wa Mungaa. Alikuja mjini na mumewe Melkizedeki, Mnyiramba wa Iguguno, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. Melkizedeki alijenga tembe, nyumba ya udongo tangu ukuta hadi paa, kwa mikono yake mwenyewe katika mtaa mfupi unaoshuka kuelekea ziwani, akakata miti ya paa mwenyewe, akachonga mlango mwenyewe. Wakakaa humo miaka saba. Mtoto hakupatikana. Mwaka wa nane akafungasha nguo zake, akachukua taa na kiti kile kizuri, akasimama mlangoni akasema maneno ambayo mtaa wote uliyasikia, maana kunong'ona hakujaaliwa: "Nyumba isiyo na mtoto ni nyumba tupu. Baki nayo!" Akahamia mtaa wa pili kwa mke mwingine. Hata kwaheri hakusema.

Neno lile lilimchoma Theodora, na nani asingechomwa? Lakini kilichomuuma kila siku ya Mungu kilikuwa kidogo zaidi: jina. Jirani mmoja alikuwa Mama Leah, mwingine Mama Urbano, na hata yule aliyezaa mwaka jana tu alikuwa Mama fulani. Yeye alikuwa Theodora. Watoto wakitumwa kwake asubuhi walisimama uani wakasema, "Shikamoo Theodora, mama anaomba moto." Jamani, shikamoo na jina kavu namna hiyo haviendi pamoja! Aliitikia, akatoa moto, akarudi ndani akisonya.

Riziki yake ilikuwa mlenda mkavu. Alichuma majani masika, akayaanika, akayatwanga, akauza sokoni mwaka mzima. Kazi hiyo inataka sakafu safi yenye jua kali, na mtaani pale sakafu ya namna hiyo ilikuwa moja tu: baraza ya saruji ya nyumba ya Mzee Rajabali. Ndiyo nyumba pekee iliyokuwa na bati pia, ukiacha duka la Ishwarlal pale kona. Rajabali alikuwa amehamia Mwanza kwa mwanawe, ufunguo akamwachia Ishwarlal, nyumba ikafungwa. Theodora akaona Mungu hamtupi mja wake. Akahamishia mlenda wake barazani.

Mbuzi nao wakaona hivyo hivyo. Na nyuma ya mbuzi wakaja watoto na mpira wao wa matambara. Theodora alifukuza, alitukana, alirusha mawe na kandambili. Siku moja akakuta nusu ya mlenda imeliwa na nusu iliyobaki ina alama za miguu. Hasira zikampanda mpaka akaishiwa matusi, na mtu akiishiwa matusi husema lolote.

"Nyie mnacheza hapa hamumjui Fundi?" aliwauliza watoto.

"Fundi gani?"

"Aliyeezeka nyumba hii. Alianguka kutoka juu akafa, nyundo yake haikuonekana. Sasa kila jua likifika utosini hupanda kumalizia misumari kwa ngumi, kisha hushuka kuitafuta. Akikukuta barazani anakuuliza, umeiona nyundo yangu? Ukimjibu tu, basi."

Ilikuwa saa saba mchana. Bati likipata jua la Singida hulia lenyewe, kila mwenye bati anajua. Pale pale juu ya vichwa vyao likalia: ko. Ko-ko.

"Huyo!" alisema Theodora.

Watoto hawakusubiri kuaga. Mbuzi nao wakawafuata, maana mbuzi akiona mtu anakimbia haulizi sababu. Theodora alicheka peke yake mpaka akakaa chini. Alidhani yameishia hapo.

Thubutu! Maneno ni kama moto wa nyika, ukiuwasha huupangii mpaka. Kabla ya wiki kwisha jirani yake Hana, muuza vitumbua, alikuwa amemwona Fundi kwa macho yake mawili, amevaa kofia. Antipasi, mtengeneza baiskeli, alimsikia akikohoa na kutambua kuwa ni kikohozi cha mvuta tumbaku. Kisha wakaanza kugombea dini yake. Antipasi alisema ni Mkatoliki, kwa kuwa kabla ya kupanda paani hupiga ishara ya msalaba. Hana alisema wapi, ni Mlutheri kama yeye, mtu wa kazi asiye na makuu. Waislamu wa mtaa wakasema nyie wote hamna habari, mbona siku ya Ijumaa saa saba hasikiki? Yuko msikitini!

Na kila mtu akampata Fundi kwa shida yake. Vitumbua vya Hana vikiungua, ni Fundi kamshtua. Baiskeli ya mteja ikikaa kwa Antipasi mwezi mzima, ni Fundi kachukua spana. Mume aliyechelewa kurudi alizuiwa njiani na Fundi, na mke aliyechelewa vile vile. Mtu aliyekufa hajawahi kuwafaa walio hai kiasi kile. Theodora aliwasikiliza, akatikisa kichwa, akaanika mlenda wake kwa amani. Yeye peke yake ndiye aliyethubutu kukanyaga baraza ile, na watu wakaanza kumtazama kwa heshima ambayo hakuizoea.

Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa, Fundi akaendelea na misumari yake. Mwaka wa nne wa uhuru likaja agizo la chama: watu wajipange nyumba kumi kumi, na kila nyumba kumi zichague mjumbe wao. Mtaa ulikutana mbele ya duka la Ishwarlal. Kila mtu alimtazama mwenzake. Kisha Antipasi akasema, "Tunahangaika nini? Mwanamke asiyemwogopa Fundi atamwogopa nani?" Mikono yote ikaenda juu.

Theodora alisimama pale na kanga yake ya kazini, asijue aweke wapi mikono. Tangu azaliwe hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, hata mume aliyemchagua alikuwa ameghairi. Kesho yake watu wakamwita "Mjumbe." Shikamoo Mjumbe. Mjumbe, njoo utuamulie. Alitembea siku zile kama aliyevaa viatu vipya, na mtaa mzima ulimwona, akafurahi kwamba wanamwona.

Furaha ilidumu siku nne. Siku ya tano ikaja habari kwamba Ndugu Philipo, katibu wa tawi, atapita baada ya wiki mbili kuhesabu. Na nyumba za mtaa ule zenye watu zilikuwa tisa. Ya kumi ilikuwa ya Rajabali. Mtaa usiotimiza kumi utaunganishwa na wa jirani, na mjumbe wa mtaa wa jirani alikuwa nani? Melkizedeki! Alikuja mwenyewe kuwatangazia, akasimama katikati ya njia.

"Msihangaike," alinguruma. "Mtakuwa chini yangu. Theodora naye akiwa na shida atakuja kwangu, atapiga hodi, nitamsikiliza."

Theodora alirudi ndani akisonya. Kuvuliwa ujumbe ni jambo moja. Kwenda kupiga hodi kwa Melkizedeki, asimame uani pamoja na kuku akingoja kusikilizwa, huku yule mke mwingine akimtazama dirishani! Afadhali arudi Mungaa kwa miguu.

Basi akatafuta mpangaji. Akampata mmoja, mrina asali kutoka Rungwa, mtu wa porini anayelala na simba jirani. Alitazama nyumba ya Rajabali, akaipenda, akaweka debe lake la asali barazani. Kisha akaenda kwa Hana kununua kitumbua. Alirudi mbio kuchukua debe.

"Lakini wewe huogopi simba!" Theodora alimpigia kelele.

"Simba namjua, mama. Simba akija namwona anakuja. Huyo wako anagonga kwanza juu ya kichwa changu!" Akaondoka, asali ikimwagika njia nzima, nyuki wakimfuata.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Theodora alikaa barazani, akafikiri, akaona dawa ni moja tu, nayo ni chungu: kusema kweli. Akaenda kwa Hana, akamkuta na Antipasi wakinywa uji.

"Jirani zangu," alisema, "hakuna Fundi. Nilimtunga mimi, kwa ajili ya mlenda."

Hana aliweka bakuli chini. "Weee! Umtunge wewe, na mimi niliyemwona nilimwona nani?"

"Ulimwona wapi?"

"Pale kona. Na kofia."

"Hana, ni bati! Bati likipata jua linalia. Hata la Ishwarlal linalia, nendeni mkasikilize."

Hana na Antipasi wakatazamana. "Kumbe!" alisema Antipasi taratibu. "Hata kwa Ishwarlal anafanya kazi."

Kabla ya jua kuzama Ishwarlal alikuwa mlangoni kwa Theodora, jasho linamtoka. Wateja walikuwa wamesimama nje ya duka, wanaagiza sukari kwa kupiga kelele. "Dada Theodora, nakuomba sana. Huyo mtu wako mweke kule kule kwa Rajabali. Mimi nina biashara."

"Hayupo, Bwana Ishwarlal!"

"Vizuri. Basi asiwepo kule, asiwepo huku kwangu."

Na Antipasi alizunguka mtaa mzima akimsikitikia: masikini Mjumbe wetu, Fundi ameanza kusema kwa mdomo wake, anataka tumsahau kisha atushike kwa nyuma. Theodora alisikia, akajipiga paji la uso. Aliwadanganya mara moja wakamwamini miaka tisa. Amewaambia kweli, wanamwombea dua.

Ikabaki njia moja. Akachukua ufunguo kwa Ishwarlal, ambaye alisema Rajabali ametafuta mpangaji mpaka amechoka, akabeba kitanda, sufuria na kinu, akahamia mwenyewe nyumba ya Rajabali. Akakaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi akatoka barazani, mzima, hana hata mchubuko, akaita mtaa mzima.

"Mmeona? Nimekaa humu. Kuna kilichonipata?"

"Hakuna," alikubali Hana. "Amehamia kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwenye tembe. Tumemsikia. Kwa umri wake joto la bati limemshinda."

Theodora alihesabu kwa vidole. Nyumba ya Rajabali sasa ina mtu. Ile tembe yake haina mtu, na hakuna atakayeingia. Tisa! Amehama, amebeba kinu kichwani, na bado ni tisa. Akakaa kwenye mlenda wake mwenyewe bila kuangalia.

Siku ya kuhesabu Ndugu Philipo alifika karibu na saa sita, suruali imepigwa pasi, daftari kwapani. Aliwahi kuwa mwalimu na bado alitazama watu wazima kama wanafunzi ambao hawajanawa. Melkizedeki alimfuata nyuma na karatasi yake, ambayo alishaandika nyumba zote za mtaa chini ya jina lake.

"Utaratibu wangu ni rahisi," alisema Philipo. "Napiga hodi. Nikiitikiwa, nyumba naiandika. Nisipoitikiwa, siandiki. Sitaki hadithi."

Akaanza. Hodi, karibu, akaandika. Hodi, karibu, akaandika. Kwa Rajabali aliitika Theodora. Zikafika tisa, na mbele yake ikabaki tembe yenye mlango wa kuchongwa. Mtaa wote ulikuwa umeshakusanyika, watu kwa mbuzi.

"Na hii?"

"Tupu hiyo," alisema Melkizedeki haraka. "Nyumba tupu haihesabiwi, Ndugu Katibu. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Si tupu!" alipaza sauti Hana. "Ina Fundi!"

"Fundi nani? Aitwe."

"Haitiki wito, Ndugu Katibu," alieleza Antipasi kwa upole. "Ni marehemu."

Philipo alifunga daftari. "Serikali haiandiki marehemu."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, kofia, kikohozi, msalaba, msikiti, na katikati ya kelele Theodora akasikia neno lile lile bado linazunguka kichwani mwake. Tupu. Alichoka. Alichoka na uongo, akachoka na kuhesabu. Akajitokeza mbele.

"Ndugu Katibu, wasikusumbue. Fundi nilimtunga mimi. Nimemzaa kwa mdomo wangu, mbuzi walikuwa wanakula mlenda wangu. Kama ni kosa ni langu, wenzangu hawana kosa. Mle ndani hamna mtu. Andika tisa."

Mtaa ukalipuka. "Mwongo!" "Mjumbe, usitukane marehemu!" "Usimsikilize, ni Fundi huyo anasema!" Melkizedeki peke yake ndiye aliyetabasamu.

"Basi!" Philipo alipiga daftari kwa kiganja. "Mmoja aingie ndani athibitishe. Nani?"

Hakuna aliyesogea. Hata mbuzi walirudi nyuma.

"Ndugu Melkizedeki, wewe umesema ni tupu. Ingia. Ukitoka niambie umekuta nini."

"Mimi?"

"Wewe."

Kukataa angekataaje, mbele ya mtaa anaotaka kuutawala? Melkizedeki alivuta suruali juu akaenda. Hatua za kwanza zilikuwa ndefu. Zilizofuata zikapungua. Akafika kwenye mlango aliouchonga mwenyewe, wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, akanyoosha mkono kuusukuma. Ng'ambo ya njia jua lilikuwa limefika utosini, na bati la Rajabali likalia: ko. Ko-ko. Mkono ukabaki hewani. Akaukunja. Akakohoa kidogo. Kisha mtu yule mwenye sauti ya mnada akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyetumwa chumvi:

"Hodi?"

Philipo alivua miwani. "Unampigia nani hodi, Ndugu Melkizedeki? Si umesema ni tupu?"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka ziwani. Hana alikaa chini vumbini. Antipasi alishikilia ukuta. Ishwarlal alitoka dukani na mizani mkononi kuuliza kuna nini, akaambiwa, akaiweka mizani chini ili acheke vizuri.

Theodora hakucheka. Alimtazama mgongo mwanamume yule. Alitoka mlango huo bila kwaheri, leo amesimama nje yake anaomba ruhusa. Machozi na furaha vikaja pamoja, na hakuvizuia. Akaitika kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo:

"Karibu, mgeni!"

Melkizedeki hakukaribia. Philipo akavaa miwani, akafungua daftari.

"Hodi imepigwa. Hodi imeitikiwa. Kumi."

"Lakini Katibu, aliyeitika ni..."

"Utaratibu wangu hausemi aitike nani. Kama una ushahidi mwingine, mlango huo hapo, ingia uniletee."

Melkizedeki alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akashika njia ya kwao. Hakusema kwaheri, lakini hiyo ndiyo desturi yake.

"Sasa," alisema Philipo, kalamu juu ya daftari, "mwenye nyumba nimwandike nani?"

"Fundi," mtaa ulijibu.

"Fundi mtoto wa nani? Kitabu kinataka jina la mzazi."

Watu walikuna vichwa. Antipasi akasafisha koo. "Ndugu Katibu, si umemsikia mwenyewe? Kasema hapa hapa mbele yetu, kamzaa yeye."

Philipo alimtazama Theodora, akatazama jua, akatazama mitaa mingine sita aliyokuwa bado hajaihesabu. Akaandika.

"Haya, Mama Fundi!" alipiga vigelegele Hana. "Hongera, umepata mtoto wa kiume!"

Ulikuwa utani, na Theodora aliuchukua kama utani, akawafukuza wote kwa ufagio waende makwao. Kesho yake alirudisha kinu chake kwenye tembe, kwa sababu nyumba ya bati kweli ina joto. Alikuwa uani anapuliza jiko alipomsikia mtoto wa Mama Leah anakuja, miguu inaburuza, kigae cha kubebea moto mkononi.

"Shikamoo, Mama Fundi. Mama anaomba moto."

Theodora alibaki ameinama pale jikoni. Mtoto akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti zaidi.

"Marahaba," alisema Theodora. "Marahaba, mwanangu." Akafukua jivu, akamchagulia kaa kubwa kuliko yote.